UZI: Nachonga sanamu kubwa za tiki kwa magogo ya jamii ya minazi huku Florida. Kichwa kinaoza, nisaidieni

GogoLaMuheza:

Wakuu salaam. Wazee wa jukwaa shikamooni.

Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana kwa sababu niliujua utani utakaokuja. Tuumalize kabisa: tiki ninayoisema si ile ya mwalimu kwenye daftari, wala si mitiki, ile miti ya mbao ya Longuza. Ni sanamu. Jitu la gogo lenye macho ya kutumbua, pua pana na mdomo umejaa meno, limesimama nje ya nyumba ya mtu au mlangoni mwa baa kama linadai kodi.

Neno lenyewe ni la visiwa vya Pasifiki. Kwa Wamaori wa New Zealand, Tiki ni mtu wa kwanza. Kwenye visiwa vya Marquesas ni sanamu yoyote yenye umbo la mtu, ya jiwe au ya mti. Hawaii wao wanasema kiʻi. Hapa Marekani sanamu hizo ziliingilia mlango wa baa. Miaka ya 1930 kulikuwa na Don the Beachcomber kule Hollywood na Trader Vic kule Oakland, halafu vita vikaisha, askari wakarudi kutoka Pasifiki na hadithi zao, na Hawaii ikawa jimbo mwaka 1959. Kila mtu akataka kunywa chini ya makuti. Hapa Florida, Mai-Kai ya Fort Lauderdale ipo tangu 1956.

Mimi ni dereva wa lori, naishi Fort Myers. Septemba 2022 kimbunga Ian kilipopita, mtaa wetu ulijaa miti iliyolala. Mmoja ulikuwa Washingtonia, ule mrefu mwembamba wenye majani kama feni, umeanguka katikati ya ua wangu na ua wa mzee jirani. Nikaita watu wa kukata. Mzee akatoka na chenso yake, ule msumeno wa mashine, akaniambia mwache futi sita za chini, nitakuonyesha kitu. Siku nne baadaye lile gogo lilikuwa na uso. Tangu hapo siku zangu za mapumziko zimekwisha.

Sasa niwaambie nilichojifunza, halafu niulize swali langu.

Gogo la mnazi si mbao. Hili lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Mninga au mkongo unanenepa kila mwaka, ukiukata unaona pete na kiini kigumu katikati. Mnazi na ndugu zake wote ni kinyume. Hakuna pete, hakuna fundo la tawi, na ugumu uko nje. Ndani ni nyuzi, maelfu ya nyuzi zimesimama wima kwenye nyama laini kama sponji. Karibu na ganda zimebanana, ukienda katikati zinazidi kuachana. Kwa hiyo una ukuta mgumu wa inchi mbili au tatu, na ndani yake uji.

Maana yake ni kwamba uso mzima unakaa ndani ya ule ukuta. Ukizama zaidi ya hapo, ncha ya patasi inaingia kama kwenye boga na kinachotoka ni nyuzi na unyevu. Mdomo unaweza kuuzamisha kidogo, kiza cha ndani kinapendeza, lakini pua na nyusi lazima uzipate kwenye ganda. Na kwa sababu nyuzi zote zimesimama, kitu chembamba kilicholala kinakatika. Meno nayachonga marefu ya kusimama. Nilijaribu mara moja kuchonga masharubu ya kulala, yote yalibaki mkononi.

Utaratibu wangu: napiga mstari wa katikati kwa chaki kutoka utosini mpaka miguuni, nachora macho kwanza, pua baadaye. Chenso inapiga zile kata za kuzuia, chini ya nyusi, chini ya pua, juu na chini ya mdomo. Baada ya hapo patasi inashuka kutoka juu hadi kwenye ile kata na kipande kinaruka chenyewe. Mashimo ya macho ni kazi ya bobari, ile patasi ya mviringo, na nyundo ya mti. Mwisho gogo linabaki na manyoya kama mbuzi, kwa hiyo nalipitisha tochi ya gesi mpaka liwe jeusi, nasugua na brashi ya waya, na nyuzi zinatokeza kama mistari ya dhahabu. Hapo ndipo mnazi unaushinda mti wowote. Msasa peke yake hautakupa rangi ile.

Chonga likiwa bichi. Bichi linakatika kama muwa, kavu linakula makali. Ila ubichi una gharama zake: gogo la futi sita lenye kipenyo cha inchi kumi na sita lina uzito wa kilo mia mbili hivi, na maji yake yanafanya kutu kwenye patasi usiku uleule usipoifuta. Siku ya tatu linaanza kunuka. Nyie mliokulia pwani harufu hiyo mnaijua, ni tembo lililolala.

Swali langu sasa. Sanamu zangu zinaoza kuanzia utosini. Pale juu nyuzi zote zimekatwa, kila uzi ni mrija, mvua ikinyesha gogo linakunywa. Nimepaka vanishi ya boti, ikabanduka ndani ya mwaka mmoja. Nimepaka mafuta ya kitani, ukungu ukafurahi. Ile ya kwanza ya mzee jirani sasa ukibonyeza kichwa kidole kinaingia. Huko nyumbani watu wanajenga kwa mnazi tangu enzi za mababu. Dawa ni nini?

MwanaMakorora:

Nimeweka kambi. Ila kaka, Muheza minazi kibao, hukuwahi kuchonga hata mwiko. Umevuka bahari kwenda kumchongea mzungu.

GogoLaMuheza:

Kwetu gogo la mnazi lilikuwa daraja la mfereji na benchi la kijiweni. Ningelichonga macho, babu angenichonga mimi.

Kipanga wa Mbagala:

Mkuu nilijua ni mitiki nikaja mbio, nina heka mbili Kilombero zinatafuta mteja. Haya, natoka taratibu.

UstadhKwaMsisi:

Ndugu yangu, kazi ya mikono ni nzuri, lakini sanamu la kiumbe mwenye macho na kinywa unaliweka mlangoni kwa nini? Chonga mlango, chonga kasha, chonga mbuzi ya kukunia nazi. Haya mengine utaulizwa.

GogoLaMuheza:

Shukrani ustadh, na mama yangu kaniambia hayohayo kwa simu, kwa sauti kubwa zaidi. Ndani ya nyumba hakuna hata moja.

BintiSohar:

Assalaam alaykum kutoka Oman. Sisi huku mti wetu ni mtende. Zamani magogo yake ndiyo yalikuwa boriti, ukiingia kwenye ngome za zamani angalia juu, utaona magogo ya mtende yamepasuliwa, juu yake makuti na udongo. Yamekaa miaka na miaka. Siri ni kwamba hayanyeshewi! Mtende ukikaa pakavu haukusumbui. Ukilowa na kukauka, ukilowa na kukauka, umekwisha. Kwa hiyo kaka, mimi sioni dawa ya kupaka. Mjengee paa.

Na kama unachonga mtende wa Canary, angalia mdudu. Kule Ghuba tuna yule fukusi mwekundu tangu miaka ya 1980, anakula moyo wa mti, wewe unaona mti umesimama kumbe ndani mtupu. Nasikia California nako wamepata ndugu yake.

GogoLaMuheza:

Wa alaykum salaam dada. Kweli, San Diego wana fukusi wa Amerika Kusini na mitende ya Canary inakufa kwa wingi. Wachongaji wa kule wanapata magogo mengi, lakini yana mashimo. Halafu mtende wa Canary una ugonjwa mwingine wa ukungu unaohamia mti kwa mti kupitia meno ya msumeno. Ukikata mmoja uliokufa ukaenda na msumeno uleule kupunguza majani ya ulio mzima, umeuua. Mimi chenso ya kuchongea haipandi mti hai kamwe.

Paa nimelifikiria. Watu hapa wana vibanda vya makuti uani, wanaviita vya tiki, lakini asili yake ni vya Waseminole, Wahindi Wekundu wa Florida. Nguzo za mti wa majini (cypress) na paa la majani ya Sabal, ndugu mwingine wa mnazi, uti wa mgongo juu, pembeni wazi. Ukikaa chini yake unajiuliza kama si Pangani. Sheria ya ujenzi ya Florida inawaachia Waseminole na Wamiccosukee wavijenge bila masharti ya kawaida ya majengo, kwa hiyo ukitaka banda la kweli unawaita wao. Bei yake mimi siiwezi.

Mzalendo_Njiro:

Swali la msingi ambalo hamtaki kuuliza: inalipa?

GogoLaMuheza:

Haijalipa. Nimeuza tatu, nimegawa nne, na chenso ya pili nilinunua kwa pesa ya hizo tatu. Ukitaka biashara, sanamu fupi za futi mbili zinaondoka haraka kuliko hizi kubwa kwa sababu mteja anazibeba kwa gari dogo. Mimi napenda kubwa. Ukisimama mbele ya gogo lililokuzidi urefu unachonga kwa mabega, si kwa vidole.

Fundi Mwenge:

Nimesoma mara mbili. Mimi ni mchongaji wa mpingo, miaka kumi na tisa sasa, nimejifunza kwa mjomba.

Mnazi niliujaribu mara moja, mteja wa hoteli alitaka vichwa vya nguzo za baa. Patasi niliyoinoa asubuhi, saa nne ilikuwa kijiko. Ile nyama ya mnazi ina kitu kama mchanga ndani yake. Mpingo ni mgumu lakini ni mwaminifu, ukiupiga unakuambia utapasukia wapi. Mnazi haukuambii kitu. Unapiga hapa, uzi unachomoka kule chini futi nzima.

Nilichogundua: pembe ya makali. Patasi ya mpingo tunainoa ikiwa na mgongo mnene. Kwa mnazi bichi nikaipunguza mgongo ikawa nyembamba kama ya kuchonga vinyago vya mti mwepesi, nikawa napitisha kwenye kinoo kila baada ya dakika kumi. Usingoje iwe butu. Na usichonge kutoka chini kwenda juu hata kama mkono unataka.

Halafu kaka, naomba nikuulize kama fundi kwa fundi. Hizi sura ni zako? Sisi Wamakonde tuna mashetani yetu, tuna ujamaa, watu wamepandana mpaka juu. Mtu akichonga shetani bila kujua shetani ni nini, tunaona. Mkono unaiga na macho yanakuwa matupu. Picha uliyoweka ya tatu, yule mwenye kilemba kirefu, macho matupu.

Kaya_Kilifi:

Fundi Mwenge amegusa nilipotaka kugusa, na mimi nitalisema waziwazi zaidi.

Mimi ni Mgiriama. Kwetu mzee wa Gohu, kile chama cha wazee, akifa, baada ya muda anachongewa kigango. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa cha mviringo, mwili wenye nakshi za pembetatu, unasimikwa chini na hauondolewi. Hata kijiji kikihama, kigango kinabaki. Si pambo. Ni yeye.

Sasa tangu miaka ya 1970 na 80 vijana walikuwa wanaving'oa usiku, wanauza kwa wafanyabiashara wa vinyago, vinapelekwa Marekani. Vikawa vinasimama sebuleni kwa matajiri na kwenye makumbusho, na taa chini yake. Makumbusho ya Denver ilitangaza mwaka 2014 kwamba inarudisha vigango 30. Thelathini, makumbusho moja tu!

Kwa hivyo nikiona mtu wangu wa pwani amekaa Marekani anachonga mungu wa watu wengine ili asimame kando ya jiko la kuchomea nyama, najiuliza. Sikutukani bro. Lakini wale wa Hawaii wanasemaje?

MwanaMakorora:

Uzi umekuwa mzito ghafla. Naongeza chai.

GogoLaMuheza:

Kaya_Kilifi na Fundi Mwenge, nimekaa na maneno yenu siku mbili kabla ya kujibu, nilikuwa njiani naenda Georgia na kurudi, na kwenye lori huna la kufanya ila kufikiri.

Picha ya tatu ni nakala ya Kū, mungu wa vita wa Hawaii. Niliiga kutoka kwenye picha. Zile sanamu kubwa za Kū za aina hiyo zimebaki tatu tu duniani: moja iko Bishop Museum pale Honolulu, moja British Museum, London, moja Peabody Essex Museum kule Salem, Massachusetts. Nyingine ziliteketea. Mfalme Kamehameha wa Kwanza alipokufa mwaka 1819, wakuu wa Hawaii wenyewe waliivunja ile sheria ya miiko, mahekalu yakabomolewa na sanamu zikachomwa, na wamisionari walikuwa hawajafika bado. Mwaka 2010 zile tatu zilikutanishwa Honolulu kwa maonyesho. Watu walikwenda na maua, wengine walikwenda kulia.

Hayo nilikuwa nayajua wakati nachonga. Ndiyo aibu yenyewe. Niliyajua kama mtu anavyojua habari za mpira.

Wahawaii wanasemaje? Wapo wachongaji wa Hawaii wanaotengeneza hizi kwa ajili ya watalii na ni riziki yao. Wapo wanaokasirika kuona Kū amekuwa kikombe cha pombe. Kuna mama mmoja wa Hawaii anafanya kazi kwenye ghala ninaloshushia mizigo. Nilimwonyesha ile picha kwa majivuno. Akaitazama, akasema umechonga vizuri, halafu akauliza unampa nini. Nikasema nani? Akasema yeye. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tena hata mti sikupatia. Kule Hawaii walichonga kwa ʻōhiʻa na kwa mshelisheli, miti yenye mbao ya kweli. Sanamu ya mnazi unaopasuliwa kwa chenso ni mambo ya Marekani, ya California na Florida, kwa sababu minazi na ndugu zake ndiyo miti inayoanguka uani na gogo linapatikana bure.

Fundi, macho matupu ni kweli. Nimeenda kuliangalia tena usiku na tochi.

Kaya_Kilifi:

Umenijibu kiungwana. Sasa chonga chako.

DogoBagamoyo:

Wakuu mimi nataka kuanza. Nyuma ya nyumba kuna mnazi umekufa umesimama, umekauka kilele. Shemeji ana chenso. Naanzia wapi?

GogoLaMuheza:

Unaanzia kwa kutoigusa hiyo chenso ya shemeji peke yako.

Dogo, sikutishi. Ncha ya juu ya ule upanga wa chenso ikigusa kitu wakati mnyororo unazunguka, mashine yote inarudi nyuma usoni kwako kabla hujakonyeza jicho. Kuchonga maana yake ni kuchomeka ncha kwenye mti, yaani unafanya kitu kilekile ambacho kitabu cha mashine kinakukataza. Mzee jirani alinikataza kuchomeka ncha kwa miezi sita, nikawa nakata kwa tumbo la upanga tu, na baadaye nikatafuta upanga mfupi maalumu wenye ncha nyembamba usiorudi nyuma sana. Mikono miwili kila saa. Miwani, kinga ya masikio, buti. Na nyuzi za mnazi zinajaa pale mnyororo unapoingilia mwilini, unazima, unafungua kifuniko, unasafisha, kila baada ya robo saa. Wengi wanaumia wakijaribu kuchomoa nyuzi mashine ikiwa inanguruma.

Mnazi uliokauka umesimama, acha. Kwanza kuuangusha ni kazi ya mtu anayejua, mnazi mkavu unakatika katikati na kichwa kinakurudia. Pili, umeshaoza ndani. Tafuta ulioangushwa wiki hii, chukua chini, futi sita za kwanza kutoka shinani. Kadiri unavyopanda juu, ukuta unazidi kuwa mwembamba.

Na usikubali gogo ambalo hukuona likikatwa. Kuna jamaa wa kukata miti aliniletea gogo zuri, jeupe, limenyooka, akaniapia ni Washingtonia. Nikalipa. Kumbe ule mti mwingine wa mapambo wa Amerika Kusini, wenye majani kama mnazi na ganda laini. Nilipofika kwenye pua nusu ya uso ilishuka yote kama keki iliyolowa. Lile gogo sasa ni kiti cha paka.

Nesi_Kisumu:

Niongeze kama mtu wa hospitali: miiba ya mtende. Ile ya chini ya kuti. Ikiingia kwenye kifundo cha kidole na kipande kikabaki ndani, kidole kinavimba wiki kadhaa, mtu anapewa dawa za vijidudu hapati nafuu, kumbe shida ni kile kipande. Ukienda kwa daktari mwambie wazi ulichomwa na mwiba wa mtende. Na vaeni barakoa, vumbi la gogo lenye ukungu si la kuvuta.

GogoLaMuheza:

Dada umeongea. Kidole changu cha shahada hakikunji mpaka mwisho tangu Novemba iliyopita. Daktari wa kwanza alisema ni baridi yabisi.

Mzee wa Mkokotoni:

Assalaam alaykum. Mjukuu wangu kanisomea uzi wote, ananiandikia.

Miye ni fundi wa vyombo, madau na mashua. Mnazi hatuutii chomboni, mwanangu, mti wa maji mengi huo. Lakini mti wowote ukaao baharini una shida yako wewe, kichwa cha ubao hunywa maji. Twafanya nini? Juu, pahala pasipofika maji, twapaka sifa, mafuta ya papa. Yanuka lakini mti huyapenda. Chini twapaka deheni, shahamu na chokaa. Hiyo deheni huziba. Paka utosini kwa sanamu lako, lishindilie kwa kitambaa mpaka lijae kwenye matundu ya nyuzi. Kabla ya hapo chonga utosi uwe kama kuba, usiwe bapa. Maji yateremke. Mbona umeacha bapa? Nimeona picha. Mtu mwenye kichwa bapa huwekewa ndoo.

Na tezo, lile shoka la kuchongea, unayo? Sijaona tezo. Kazi yote hiyo ya mashavu ni ya tezo.

GogoLaMuheza:

Shikamoo mzee wangu. Kichwa bapa nimeacha kwa uvivu, nakiri. Tezo sina, nitatafuta. Mafuta ya papa hapa majirani wataniitia polisi, lakini shahamu naipata kwa muuza nyama na chokaa ipo dukani. Naanza Jumamosi.

Fundi Mwenge:

Mzee kasema kweli kuhusu kuba. Na mimi naongeza: toboa. Chukua kekee (keekee ya kutobolea) ndefu, toboa katikati kutoka chini uutoe ule uji kadiri unavyoweza, uache ukuta. Gogo likiwa na hewa ndani litakauka pande zote mbili, halitapasuka ovyo. Sisi hatufanyi hivyo kwenye mpingo, lakini ngoma zinatobolewa zikiwa mbichi kwa sababu hiyohiyo. Na usilisimamishe kwenye udongo. Juu ya kokoto au zege, na chuma kimoja cha nondo cha kulishika.

MwanaMakorora:

Kwa hiyo sanamu ikishatobolewa ni ngoma. Ustadh, rudi huku.

UstadhKwaMsisi:

Ngoma nayo tuna maneno yake.

GogoLaMuheza:

MREJESHO, wiki ya tano.

Gogo jipya, Sabal, limeangushwa kwenye kiwanja wanachojenga duka. Sabal ndio mti wa jimbo la Florida tangu 1953, mfupi, mnene, umejaa alama za makuti. Nyuzi zake ni nene kuliko za Washingtonia, kwa hiyo uso umekuwa mkali zaidi na sikuweza kuweka makunyanzi madogo. Nimelitoboa kutoka chini, debe tatu za uji zimetoka. Utosi nimeufanya kuba.

Sura ni ya babu yangu. Si picha yake kamili, gogo halikubali. Nimechukua vitu vitatu: kofia, ile tabia yake ya kukaza jicho moja akitazama bahari, na mdomo uliofungwa. Babu alikuwa haonyeshi meno. Hilo limenipa shida kwa sababu nimezoea mdomo wa tiki unaofunguka na kukupa kiza cha kuchezea. Mdomo uliofungwa kwenye mnazi ni mstari mmoja tu wa kulala, na kitu cha kulala kinakatika, si ndiyo? Nimeuchonga mara mbili. Mara ya kwanza mdomo wa chini wote uliruka, ikabidi nishushe uso mzima inchi moja. Mara ya pili niliupata kwa kuukata kwa kisu kidogo, nyuzi moja baada ya nyingine, saa tatu kwa mdomo mmoja.

Mama nimemtumia picha. Kanyamaza, halafu kasema kofia imekaa upande, babu yako alikuwa anaivaa mbele.

Mzee wa Mkokotoni, deheni nimepaka. Shahamu kilo mbili, chokaa, nimechanganya vizuri kwenye ndoo, nimeshindilia utosini mpaka imekuwa nyeupe, kofia imependeza kweli. Asubuhi nimekuta kuba safi. Safi kabisa, imelambwa. Huku kuna mnyama anaitwa rakuni, mkubwa kama paka, uso mweusi kama amevaa miwani, ana vidole. Walikuja watatu, nimewaona kwenye kamera. Mmoja kakaa juu ya kichwa cha babu, wawili wameshika masikio.

Kaya_Kilifi:

Sasa ndio kigango chako kimepewa sadaka. Yule mama wa ghalani mwambie.

BintiSohar:

Nilisema paa!

Mzee wa Mkokotoni:

Mwanangu, hiyo shahamu uliipika?

GogoLaMuheza:

Sikuipika mzee.

Mzee wa Mkokotoni:

Shahamu huyeyushwa motoni, ikachujwa, chokaa ikatiwa ingali moto, ikapondwa mpaka iwe kama ulimbo. Wewe umewaandalia wageni chakula. Rudia, na safari hii weka picha ya sufuria nione.